Ulifanyiwa leza, bado huoni sawasawa: tatizo linatoka wapi, na linarekebishwa vipi

Mtu aliyetoa fedha nyingi ili aachane na miwani, akaona vizuri kwa muda, kisha akaanza tena kukunja uso akisoma vibao vya barabarani, huwa na swali moja tu kwa daktari: nirudie leza? Swali hilo linawahi mno. Ukungu ule ule unaweza kuanzia kwenye machozi, kwenye konea, kwenye lenzi iliyo ndani ya jicho, au hata kwenye sukari ya mwili, na ni sababu chache tu kati ya hizo zinazotibika kwa leza ya pili. Kwa nyingine leza haisaidii chochote. Kwa moja, inaharibu.

Tuanze na kile ambacho leza ilifanya siku ile ya kwanza. Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho, na umbo lake ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupinda mwanga. Leza inayotumika mara nyingi, inayoitwa eksima, hutoa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 193, na kila pigo lake huondoa takriban robo ya maikroni ya nyama (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) bila kuunguza pembeni. Sifa hiyo iligunduliwa kwa namna ya kuchekesha: mwaka 1981, Rangaswamy Srinivasan, mtafiti wa kampuni ya IBM huko Marekani, alirudi maabara na mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani, akaipiga leza ile gegedu ya ndege na kukuta imekatika safi kabisa. Kutoka hapo hadi kwenye jicho la binadamu haikuchukua hata miaka kumi.

Njia kuu zinazotumika leo ni tatu. Katika PRK, ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa, leza ikapigwa, ngozi ikaachwa iote upya. Katika LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba, hukifunua, hupiga leza chini yake, kisha hukirudisha. Katika SMILE hakuna kifuniko: kipande kidogo huchongwa ndani ya konea na kutolewa kupitia tundu dogo la pembeni. Ukitaka kurekebishwa mara ya pili, jambo la kwanza daktari atakalotaka kujua ni ulifanyiwa ipi kati ya hizi. Inashangaza ni wangapi hawajui.

Na hata pale kila kitu kilipokwenda vizuri, leza haiahidi sifuri, yaani kutobaki na namba yoyote ya miwani. Madaktari wenyewe huhesabu jicho kuwa limefanikiwa likiwa ndani ya nusu dayopta (kipimo cha nguvu ya miwani) ya lengo, juu au chini. Kwa hiyo mtu anaweza kubaki na kasoro ya -0.50 na kwenye ripoti akaandikwa amefaulu, ilhali yeye akiendesha gari usiku anaona namba za magari zimefifia. Wote wawili wanasema kweli.

Kasoro iliyobaki tangu mwanzo ni jambo moja. Kasoro iliyorudi baadaye ni jambo lingine, na tofauti hiyo ina maana kubwa katika matibabu. Iliyobaki tangu mwanzo maana yake leza ilipunguza kidogo kuliko ilivyohitajika, au ilizidisha. Hutokea zaidi kwa waliokuwa na namba kubwa za miwani, kwa wenye astigmatizimu kubwa (konea iliyopinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine), na kwa waliofanyiwa kwa sababu ya kutoona karibu, ambao matokeo yao huelekea kurudi nyuma kuliko ya wenzao. Iliyorudi baadaye mara nyingi ni kazi ya ngozi ya juu ya konea. Ngozi hiyo ina unene wa takriban maikroni 50, na haipendi mabonde: leza ikishachimba katikati, yenyewe hujijaza pale taratibu, kama fundi anayesawazisha ukuta kwa lipu, na kwa kujijaza huko hurejesha sehemu ya namba iliyoondolewa. Siku hizi kuna mashine za picha, zinazoitwa OCT, zinazochora ramani ya unene wa ngozi hiyo peke yake. Ramani hiyo ni muhimu, kwa sababu konea inaweza kuonekana laini kwa juu kumbe chini ina mashimo yaliyofichwa na ngozi.

Lakini kabla ya kuilaumu konea, tazama machozi. Kukata kifuniko cha LASIK ni kukata pia mishipa midogo ya fahamu inayoipa konea hisia, na hisia hiyo ndiyo inayoliambia jicho litoe machozi na lipepese. Mishipa huota tena, lakini huchukua miezi sita hadi mwaka, na kwa wengine zaidi. Katika kipindi hicho jicho linakauka bila hata kuwasha sana, na machozi yakichanika juu ya konea, picha inavurugika. Anayekaa ofisini chini ya kiyoyozi mbele ya kompyuta siku nzima, au anayefanya kazi Muscat au Doha ambako ukitoka nje ni vumbi na ukiingia ndani ni kiyoyozi, ataumia zaidi. Kuna kipimo rahisi cha nyumbani: ukipepesa macho mara mbili tatu na herufi zikasafika kwa sekunde chache kisha zikaharibika tena, machozi yanahusika. Namba halisi ya miwani haibadiliki kwa kupepesa.

Kipimo kingine cha bure ni tundu la pini. Toboa karatasi ngumu kwa pini, funika jicho moja, kisha tazama kibao cha mbali kupitia tundu hilo kwa jicho la pili. Picha ikisafika, kasoro iko kwenye namna mwanga unavyopindwa, yaani konea au namba. Isiposafika hata kidogo, shida inaweza kuwa nyuma zaidi, kwenye retina kwa mfano, na hapo hakuna leza ya konea itakayosaidia. Na kuna jibu la tatu ambalo watu hawalitarajii: tundu la pini linasafisha picha vizuri, lakini miwani yoyote anayojaribishwa na mpimaji haifiki hapo. Hiyo ni dalili kwamba uso wa konea una mawimbi yasiyo na mpangilio, na miwani ya kawaida haiwezi kuyafuta. Vipimo hivi ni vya kukupa maneno ya kumwambia daktari. Havichukui nafasi ya daktari.

Sasa tuje kwa wenye miaka arobaini na kitu, maana hawa ndio wanaolalamika zaidi bila kuwa na kosa lolote la leza. Lenzi ya ndani ya jicho huanza kuwa ngumu, na kusoma karibu kunakuwa kazi kwa kila mtu, awe amefanyiwa leza au hajafanyiwa. Aliyekuwa na -3 zamani alikuwa akivua miwani na kusoma gazeti bila shida. Leza ilipomsawazisha kwa mbali ilimnyang'anya njia hiyo ya mkato. Anafikisha miaka 43, anasogeza simu mbali hadi mkono unaisha, anasema leza imekwisha nguvu. Haijaisha. Anachohitaji ni miwani ya kusomea. Wapo wanaochagua jicho moja liachwe likiwa na namba ndogo ya kutoona mbali, labda -1.25, ili jicho hilo lisome na lingine litazame mbali. Wengine wanaizoea kwa wiki mbili, wengine inawatia kichwa kuuma na wanashindwa kukadiria umbali wakishuka ngazi. Mtu asikubali kufanyiwa hivyo kwa leza kabla hajajaribu wiki kadhaa kwa lenzi za kuvaa jichoni.

Mwenye miaka 55 au 60 ambaye namba yake imeanza kurudi kwenye kutoona mbali, achunguzwe mtoto wa jicho kwanza. Lenzi inapoanza kuzeeka katikati hupinda mwanga zaidi, na namba husogea kuelekea minasi. Kupiga leza konea ya mtu kama huyu ni kurekebisha kioo cha mbele wakati kinachochafuka ni cha ndani. Na mwenye kisukari ambacho hakijatulia anaweza kubadilika namba ndani ya wiki moja kwa sababu ya sukari tu. Huyu atulize sukari kwanza ndipo apimwe. Mjamzito na anayenyonyesha nao wasubiri, kwa kuwa homoni husogeza namba.

Nimesema kuna sababu moja ambayo leza ya pili inaiharibu. Ni konea inayolegea na kutokeza mbele baada ya upasuaji, inayoitwa ektasia. Ni nadra, lakini ndiyo inayowakosesha usingizi madaktari. Dalili yake ni astigmatizimu inayoongezeka, miwani inayobadilishwa kila baada ya miezi, taa moja kuonekana mbili au kuwa na mkia. Sababu kubwa ni konea iliyokuwa dhaifu tangu awali bila kugunduliwa, au konea iliyochongwa kupita kiasi. Kwa watu wetu kuna jambo la kuongeza: mzio wa macho unaowashika watoto na vijana katika nchi za joto, ule unaowafanya wasugue macho hadi weupe uwe wa kahawia, ni wa kawaida Afrika Mashariki, na kusugua macho kwa miaka mingi hudhoofisha konea. Kijana mwenye historia hiyo aiseme kabla ya leza ya kwanza, na aiseme tena kabla ya ya pili. Na aache kusugua.

Ektasia hutibiwa kwa kuikaza konea. Inadondoshewa vitamini B2, riboflavini, kisha inaangaziwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365. Katika utaratibu wa awali, unaoitwa wa Dresden kwa sababu ulianzia katika mji huo wa Ujerumani, mwanga huo hukaa dakika 30. Nyuzi za konea hufungana zaidi na kulegea kunasimama. Sikiliza vizuri hapo: kunasimama. Kuona hakurudi kuwa kama zamani kwa tiba hiyo peke yake. Baadaye mgonjwa huvalishwa lenzi ngumu, na inayofaa wengi ni ile kubwa inayokaa juu ya weupe wa jicho na kuruka konea yote, huku nafasi ya katikati ikijazwa maji ya chumvi yasiyo na vijidudu. Maji hayo yanafunika mawimbi yote ya konea, na mtu ambaye miwani ilikuwa haimfikishi popote anasoma mistari ya chini ya ubao. Lenzi hizo hutengenezwa kwa vipimo vya jicho husika, ni ghali, na kuzivaa kunahitaji mazoezi. Hata hivyo kwa konea iliyoharibika ndizo ninazoziona kuwa msaada mkubwa kuliko kitu kingine chochote kilichotajwa katika makala hii.

Baada ya kuyatoa hayo yote njiani, wanabaki wale ambao kweli wana namba iliyosalia, konea yao iko imara, machozi yametulia na lenzi ni safi. Hawa ndio wa kuzungumza nao habari ya leza ya pili, na mazungumzo yanaanza na hesabu ya nyama iliyobaki.

Konea ya kawaida katikati ina unene wa takriban maikroni 540. Kwa eneo la kuchonga lenye upana wa milimita 6, kila dayopta moja ya kutoona mbali inakula maikroni 12 kwa hesabu ya msingi, na mashine nyingi hula zaidi kidogo, tuseme 15. Sharti linalojulikana ni kwamba chini ya kifuniko zisibaki pungufu ya maikroni 250, na madaktari wengi waangalifu hawataki kushuka chini ya 300. Chukua mtu aliyeanza na konea ya 550, kifuniko cha 110, namba -4. Leza ilikula 60, zimebaki 380. Amebakiwa na -1: kuirekebisha kutakula 15 nyingine, atabaki na 365. Hana tatizo. Chukua mwingine aliyeanza na 500, kifuniko cha 130, namba -7. Leza ilikula 105, zimebaki 265. Huyu naye amebakiwa na -1.25, kama maikroni 19, na akichongwa chini ya kifuniko atafika 246. Malalamiko yao yanafanana neno kwa neno, lakini wa pili hapaswi kukubali kuinuliwa kifuniko hata kama anafanyiwa bure. Nalitaja la bure kwa makusudi, maana kliniki nyingi huweka marudio ndani ya bei ya kwanza, na kitu kilicholipiwa tayari humvuta mtu akitumie.

Muda nao una kauli yake. Kwa LASIK husubiriwa angalau miezi mitatu, kwa PRK karibu sita, na vipimo viwili vilivyopishana vitoe namba ile ile. Anayekimbilia marudio mwezi wa kwanza anarekebisha jicho ambalo bado linasogea. Kijana apimwe pia akiwa ametiwa matone ya kulegeza misuli ya ndani ya jicho, kwa sababu misuli inayojikaza inaweza kuzua namba ya uongo.

Kifuniko cha LASIK hakigandi kikamilifu, na ndiyo maana kinaweza kuinuliwa tena hata miaka mingi baadaye. Daktari hutia matone ya ganzi, hutafuta ukingo wa kifuniko kwa darubini, huupasua kwa kindoana chembamba sehemu ndogo, kisha hupitisha kijiko bapa na kukifungua polepole. Leza yenyewe huchukua sekunde chache. Anaosha, anarudisha kifuniko, anakilaza bila mkunjo. Kesho yake mgonjwa anaona. Hatari yake ni chembe za ngozi ya juu kupenya chini ya kifuniko kupitia ukingo uliochanwa na kuota humo. Zikifika mbali zinavuruga kuona na inabidi kufungua tena kuzikwangua. Hatari hiyo huongezeka kadiri miaka inavyopita tangu upasuaji wa kwanza, na hasa ikizidi mitatu.

Kwa hiyo kwa kifuniko cha zamani wengi hupendelea PRK juu yake. Ngozi huondolewa, leza hupigwa juu ya kifuniko chenyewe, na nyama ya chini yake haiguswi. Ili konea isijenge ukungu wa kovu, huwekwa dawa ya mitomaisini C ya asilimia 0.02 kwa sekunde kadhaa, ikaoshwa. Malipo yake ni maumivu ya siku mbili tatu, lenzi ya kulinda jicho kwa siku nne au tano hivi, na kuona kunakosafika kwa wiki badala ya saa. Baadaye kuna matone ya steroidi kwa wiki kadhaa, na hayo huweza kupandisha shinikizo la jicho, kwa hiyo usiyanunue mwenyewe dukani ukaendelea nayo kwa kuwa yanakupa nafuu. Waliofanyiwa SMILE nao mara nyingi huishia kwenye PRK, kwa sababu kuchonga kipande cha pili ndani ya konea ile ile ni kugumu.

Wanaolalamikia taa za usiku wanahitaji aya yao. Unaendesha barabara ya Morogoro saa mbili usiku, lori linakuja na taa kali, na taa zinakuwa mapete yanayofunika njia. Mchana mtu huyo huyo anasoma 6/6 bila kukosea herufi. Utafiti wa PROWL uliofanywa chini ya mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, na kuchapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa miongoni mwa watu ambao hawakuwa na dalili kama hizi kabla ya LASIK, zaidi ya 40 katika kila 100 waliripoti walau dalili moja mpya miezi mitatu baadaye, ingawa waliosema inawatatiza sana walikuwa chini ya mmoja katika 100. Nyingine hupungua ubongo unapozoea. Zinazobaki mara nyingi zinatokana na mboni kupanuka gizani hadi kuvuka eneo lililochongwa. Leza inayoongozwa na ramani ya konea inaweza kusaidia baadhi yao. Matone ya brimonidini, dawa ya presha ya macho, hutumiwa na baadhi ya madaktari kuzuia mboni isipanuke sana. Lakini kabla ya yote hayo, jaribu miwani ya -0.50 ya kuendeshea usiku. Najua mtu aliyelipa ili asivae miwani hapendi kusikia hivi. Miwani inayokaa kwenye gari na kuvaliwa saa moja kwa siku haichomi maikroni hata moja, na ikikosewa inabadilishwa.

Kwa mwenye namba kubwa iliyosalia na konea iliyokwisha, ipo lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho, mbele ya lenzi ya asili, ikiwa nafasi ya ndani inatosha. Huo ni upasuaji wa ndani wenye hatari zake, na haufai kwa mtu anayetaka tu kuondoa robo dayopta.

Limebaki suala la karatasi, na hasa linawahusu waliosafiri kufanyiwa India au Dubai na sasa wanaishi Mwanza au Mombasa. Siku mtoto wa jicho atakapokuja, daktari atapima mkunjo wa konea ili achague nguvu ya lenzi bandia. Mashine za kawaida hupima uso wa mbele na kukisia wa nyuma kwa uwiano wa jicho lisiloguswa. Leza ilisawazisha wa mbele tu, hivyo mashine inadhani konea ina nguvu kuliko ilivyo, inachaguliwa lenzi dhaifu, na mgonjwa anatoka akiwa haoni karibu wala mbali bila miwani. Zipo kanuni maalumu za hesabu kwa macho haya, mojawapo ni Barrett True-K, lakini daktari hawezi kuitumia kama hajui kwamba uliwahi kupigwa leza, na katika kambi ya macho yenye foleni ya watu mia hakuna atakayekuwa na muda wa kukuhoji sana. Kwa hiyo piga picha ya taarifa zako sasa: namba ya miwani kabla ya leza, mkunjo na unene wa konea kabla, kifuniko kilikuwa maikroni ngapi, leza ilikula ngapi, na namba ulipotulia. Useme pia unapopimwa presha ya macho. Konea iliyopunguzwa husukumwa kwa urahisi zaidi, kipimo husoma chini kuliko ukweli, na 16 iliyoandikwa kwenye kadi yako inaweza kuwa imeficha 20.